Relei Zinazosikilizana: Mwongozo kwa Anayepokea Kituo cha Kupoza Umeme

Jioni ya tarehe 28 Agosti 2003, saa 12 na dakika 20, sehemu kubwa ya kusini mwa London ilikosa umeme. Treni zilisimama wakati watu wanatoka kazini, na mzigo wa megawati 724 ukapotea. Jambo lilianza kwa namna ambayo kila mwendeshaji wa gridi ameizoea: transfoma katika kituo cha Hurst ilitoa tahadhari, ikaondolewa kwenye mfumo, na umeme ukahamia njia nyingine. Njia hiyo ilikuwa kebo ya kutoka Wimbledon kwenda New Cross. Mkondo wake ulipanda, lakini kebo ilikuwa na uwezo wa kuubeba. Relei ya kinga ikauhesabu mkondo huo kuwa hitilafu, ikaikata kebo. Uchunguzi uligundua kwamba mwaka 2001, vifaa vya zamani vilipobadilishwa, ilifungwa relei ya ampea 1 mahali palipotakiwa relei ya ampea 5.

Relei ile ilikuwa nzima. Ilifanya kazi sawasawa na ilivyotengenezwa. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza kama relei, transfoma ya mkondo inayoilisha na mfumo unaoizunguka vinakubaliana. Mwongozo huu namwandikia mtu huyo. Huenda uko Ubungo, Juja Road au Lubumbashi, na wiki chache zijazo mkandarasi atakuwekea mezani hati ya makabidhiano ya kituo kipya au ya paneli zilizobadilishwa. Msimamo wangu ni huu: vyeti vya kila kifaa kimoja kimoja havikuambii lolote kuhusu kituo kizima. Kinachopimwa kipimwe kikiwa kimeunganishwa, kuanzia kwenye transfoma ya mkondo kule yadi hadi kwenye koili inayofungua breka, na kuanzia relei ya mtengenezaji mmoja hadi relei ya mwingine.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kuhusu kuaminika. Kinga ya kuaminika hukata inapopasa kukata, na hutulia inapopasa kutulia. Mafundi wengi huhangaikia la kwanza tu. La pili lina uzito uleule. Mwezi uleule wa Agosti 2003, tarehe 14, laini ya Sammis–Star ya msongo wa kilovoti 345 kule Ohio, Marekani, ilikatwa na zoni ya 3 ya relei ya umbali. Hapakuwa na hitilafu kwenye laini. Mzigo ulikuwa mkubwa, volti ilikuwa imeshuka, na relei ikaona kitu kinachofanana na hitilafu ya mbali. Kuanzia hapo laini zilidondoka moja baada ya nyingine, hata watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakabaki gizani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba setingi yake ni "nyeti sana", usimpongeze kabla ya kumuuliza relei hiyo itafanya nini siku ya mzigo mzito na volti dhaifu.

Anza kwenye zabuni

Sehemu kubwa ya matatizo ya relei kutosikilizana huzaliwa miaka miwili kabla ya kituo kuwashwa, katika maandishi ya zabuni. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Miradi ya gridi hujengwa kwa mikopo, kila mkopo huja na zabuni yake, na kila zabuni na mkandarasi wake. Laini ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma na Singida, yenye urefu wa kilomita 670 hivi, iligharimiwa na Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, JICA ya Japani na mfuko wa EDCF wa Korea. Mradi wa namna hiyo unaweza kukuletea mikono mingi katika gridi moja. Tena hata bila wafadhili wengi, wahandisi wa kinga kwa makusudi huweka kinga kuu ya kwanza ya mtengenezaji mmoja na kinga kuu ya pili ya mwingine, ili kasoro moja ya programu isiziangushe zote mbili kwa pamoja. Nakubaliana na utaratibu huo. Ila ukishauchagua, kusikilizana kwa relei kunakuwa sharti la kazi.

Kiwango cha IEC 61850, ambacho sehemu zake za mwanzo zilitoka kati ya mwaka 2002 na 2005, kiliandikwa kwa ajili hiyo. Kinaeleza namna ya kuzipa taarifa majina, namna ya kuzituma, na namna ya kuusanifu mfumo mzima katika mafaili yanayosomeka na kila programu. Hata hivyo usikidai ambacho hakikuahidi. Kinaahidi kwamba vifaa vya watengenezaji tofauti vitabadilishana taarifa. Hakiahidi kwamba utachomoa relei ya kampuni moja, uchomeke ya kampuni nyingine, na kazi iendelee. Pia kimeacha mambo mengi ya hiari: relei moja hubeba seti ya data unayoipanga mwenyewe, nyingine imefungiwa seti ya kiwandani, moja hupokea jumbe kutoka kwa vifaa vingi, nyingine hukoma mapema, moja ni ya toleo la kwanza la kiwango, nyingine ya toleo la pili. Zote mbili zina vyeti halali.

Kwa hiyo usiandike kwenye zabuni "vifaa viendane na IEC 61850" ukadhani umemaliza. Taja toleo. Taja ni ishara zipi zitakazosafiri kwa mtandao na zipi zitabaki kwenye waya wa shaba. Dai hati ya PIXIT ya kila relei, maana humo mtengenezaji anaeleza jinsi kifaa chake kinavyotenda pale kiwango kilipomwachia uhuru. Dai kwamba majaribio ya kiwandani yafanyike relei zote zikiwa zimeunganishwa pamoja, zikiwemo za mtengenezaji wa pili, na kwamba mtu wako atakuwepo. Tofauti ya lugha kati ya relei mbili ikigunduliwa kiwandani, mwenye programu yuko chumba cha pili. Ikigunduliwa Singida, utaandika barua pepe na kusubiri.

Njia nzima ya kukata

Sasa twende yadi. Relei za kisasa hujichunguza zenyewe: hupima kumbukumbu zake, kichakataji chake na umeme wake wa ndani, zikipata kasoro hutoa tahadhari. Hakikisha mguso wa tahadhari hiyo umefungwa na unafika SCADA, kwa sababu mara nyingi huachwa ukining'inia. Lakini relei haiwezi kujua kama waya wa transfoma ya mkondo umegeuzwa, kama koili ya breka imeungua, au kama betri iliyo nyuma yake ni ganda tupu. Hayo ni yako.

Transfoma ya mkondo kwanza. Soma kibao chake mwenyewe, usisome mchoro. Uwiano gani, ampea 1 au 5 upande wa pili, daraja gani. Ukikuta 5P20, maana yake kosa lake halipaswi kuzidi asilimia 5 hadi mkondo ufike mara 20 ya kiwango chake, kwa mzigo wa waya uliotajwa. Nyaya zikiwa ndefu na nyembamba kuliko ilivyokusudiwa, ahadi hiyo inapungua. Kisha, kituo kikishawashwa na mzigo umeanza kupita, pima ukubwa na pembe ya mkondo wa kila fezi ndani ya relei na ulinganishe na mwelekeo wa umeme unaoujua. Kipimo hiki cha mzigo halisi ndicho kinachofichua fezi zilizopishana na transfoma ya mkondo iliyofungwa kinyumenyume. Usikubali kiahirishwe eti mzigo ni mdogo. Mzigo ukiwa mdogo, subiri upande, na kituo kisipokelewe mpaka hapo.

Halafu mzunguko wa kutripu. Kila njia inayoweza kuifungua breka lazima iifungue breka kweli, kwa macho yako. Kinga kuu ya kwanza kwenda koili ya kwanza. Kinga kuu ya pili kwenda koili ya pili. Kinga ya basibaa. Kinga ya breka iliyokwama. Buchholz ya transfoma. Mkandarasi atakuambia kwamba amepima mguso wa relei kwa mita na umefunga. Hilo ni jaribio la mguso, breka haijajaribiwa. Baada ya hapo zima chanzo cha kwanza cha umeme wa DC na ujaribu tena kinga ya pili na koili ya pili. Kisha geuza. Lengo ni kukamata kosa ambalo michoro huficha: koili mbili zilizo huru kwenye karatasi, lakini ndani ya kabati zinalishwa na fyuzi moja. Usimamizi wa mzunguko wa kutripu nao uujaribu breka ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, kwa kuchomoa waya wa koili na kuona tahadhari ikifika chumba cha kontroli. Mizunguko mingine husimamiwa breka ikiwa imefungwa tu, na ikiwa wazi haina mlinzi.

Hapo hapo kwenye DC kuna jambo dogo ambalo limewahangaisha mafundi wengi, nalo linahusu moja kwa moja kuchanganya relei za watengenezaji tofauti. Vituo vyetu vingi hutumia volti 110 za DC ambazo hazijafungwa ardhini moja kwa moja. Kituo kikiwa kizima, upande chanya huwa kama volti 55 juu ya ardhi na upande hasi volti 55 chini yake. Waya mmoja ukigusa ardhi, kebo ndefu za yadi, ambazo huhifadhi chaji kama kapasita, humwaga chaji hiyo, na kwa muda mfupi sana ingizo la relei linaweza kuona makumi ya volti ambazo hakuna aliyezituma. Relei yenye ingizo la kuamka kwenye volti 80 haitashtuka. Relei ya kutumika popote, ambayo ingizo lake limetengenezwa kukubali chochote kuanzia volti 24 hadi 250 na huamka kabla ya volti 20, inaweza kuamini kwamba Buchholz imeita, ikaikata transfoma nzima kwa sababu ya kebo iliyolowana mvua. Tafuta kiwango cha kuamka cha kila ingizo linalobeba amri ya kutripu. Kiweke juu ya nusu ya volti ya kituo, asilimia 60 au 70 hivi, na uliwekee kichujio cha milisekunde chache. Ikiwa relei haina uwezo huo, weka relei saidizi yenye nguvu kati yake na yadi.

Betri ni suala fupi. Volti ya betri ikiwa kwenye chaja haikuambii afya yake. Fanya jaribio la kuitoa chaji kwa mzigo uliotajwa na mtengenezaji, seli kwa seli, wakati wa kupokea na kila baada ya muda mliojiwekea. Zima chaja, fungua breka, ifunge, ifungue tena.

Pale ujumbe unapopotea kimyakimya

Katika kituo cha IEC 61850 amri nyingi kati ya relei hazipiti tena kwenye shaba. Hupita kwenye mkongo kwa ujumbe uitwao GOOSE. Relei haiutumi kwa mtu mmoja. Huutangaza mtandaoni, na kila relei iliyoandikishwa huuchukua. Jambo likibadilika, ujumbe hutangazwa mara kadhaa kwa kasi, kisha hutulia na kurudiwa kila baada ya sekunde moja au zaidi kidogo ili wasikilizaji wajue kwamba msemaji bado yu hai. Kwa amri za kutripu, kiwango kinataka ujumbe ufike ndani ya milisekunde 3 tu.

Chukua mfano wa kituo cha kilovoti 132. Relei ya laini ni ya mtengenezaji mmoja, relei ya upande wa transfoma ni ya mwingine. Breka ya laini ikikwama, relei ya laini inatakiwa kusubiri milisekunde 200 hivi, kisha kutangaza GOOSE inayoamuru breka zote za basibaa ile zifunguke. Majaribio yamefanyika, yamefaulu, yamesainiwa. Wiki moja kabla ya makabidhiano, mtu wa SCADA anaomba aongezewe tahadhari ya gesi ya breka. Mkandarasi anaiongeza kwenye seti ileile ya data, kazi ya dakika kumi. Programu yake inapandisha namba ya toleo la ujumbe, kama kiwango kinavyoagiza. Relei ya transfoma, kama wasikilizaji wengine wote, haikupewa faili jipya. Inapokea ujumbe, inaona namba isiyolingana na iliyoandikishwa, inautupa. Hakuna taa inayowaka, kwa sababu hakuna aliyeipanga iwake.

Siku hitilafu inapotokea na breka ikakwama, relei ya laini itatangaza na kutangaza. Hakuna atakayefungua. Hitilafu itaendelea kulishwa mpaka zoni ya 2 ya vituo jirani ikate, baada ya milisekunde 400 hivi, na upande wa transfoma uendelee kulisha mpaka kinga yake ya akiba ihesabu muda wake. Kituo kizima kinazimika kwa sababu ya tahadhari ya gesi.

Dawa yake ipo, na ni rahisi. Kila ujumbe ambao relei imeandikishwa kuupokea lazima uwe na tahadhari ya kupotea kwake, na tahadhari hiyo ifike chumba cha kontroli kwa jina linaloeleweka: "Relei ya T1 haisikii relei ya laini ya pili", si namba ya msimbo. Toleo la pili la kiwango lina nafasi maalumu ya taarifa hii. Siku ya majaribio chomoa mkongo wa kila msemaji, mmoja baada ya mwingine, na uhesabu tahadhari zinazojitokeza. Zisipolingana na orodha ya wasikilizaji, kuna aliyesahauliwa. Baada ya hapo weka sheria isiyo na msamaha: seti ya data ikiguswa, faili kuu la kituo lenye jina la SCD linaandikwa upya, wasikilizaji wote wanapewa mafaili mapya, na kila amri iliyomo inajaribiwa tena hadi kwenye breka. Ikiwa mnataka tahadhari ya gesi iongezwe, ipelekwe kwenye taarifa ya SCADA, mbali na ujumbe wa kutripu.

Ukiipanga hivyo, GOOSE ni salama kuliko shaba. Waya wa kutripu uliokatika hukaa kimya mpaka siku ya hitilafu. Ujumbe uliokatika unaweza kulalamika baada ya sekunde chache. Faida hiyo ndiyo sababu ya kuununua mfumo huu, na vituo vinavyowashwa bila tahadhari hizo vimelipia kitu ambacho havikitumii.

Kuna uamuzi mmoja ambao hupaswi kumwachia mkandarasi: relei ifanye nini inapoacha kumsikia mwenzake? Kwa amri ya breka iliyokwama jibu ni wazi, ihesabu kwamba hakuna amri. Lakini kwa kinga ya basibaa inayotegemea ishara ya kuzuia kutoka kwenye fida, ukimya una maana mbili. Ukiuhesabu kuwa hakuna kizuizi, hitilafu ya kwenye fida itaangusha basibaa yote. Ukiuhesabu kuwa kizuizi kipo, hitilafu ya basibaa itachelewa kukatwa. Chagueni kwa kujua uzito wa kituo chenu, andikeni, na mjaribu.

Mtandao na saa

Swichi za mtandao ziwe za daraja la vituo vya umeme, zinazokidhi IEC 61850-3, na zilishwe na betri ya kituo. Swichi iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani itakufa sekunde ileile umeme unapokatika, ambayo ndiyo sekunde relei zinapohitaji kuzungumza. Kwa kinga za misongo mikubwa napendelea mfumo wa PRP, ambao kila ujumbe husafiri kwenye mitandao miwili kwa wakati mmoja. Mmoja ukikatika hakuna muda unaopotea. Thibitisha kwamba swichi zinapitisha ujumbe wa GOOSE pamoja na lebo yake ya kipaumbele na ya mtandao pepe, kwani ndipo vifaa vya watengenezaji tofauti hupenda kugongana: mmoja huandika namba sifuri, mwingine huihesabu namba hiyo kuwa si kitu.

Saa zote zifuate chanzo kimoja cha setilaiti. Chagueni kumbukumbu ziandikwe kwa UTC au kwa saa za Afrika Mashariki, mkubaliane na jirani. Tofauti ya saa tatu kati ya kumbukumbu za pande mbili za laini moja huchosha watu usiku wa manane, na hurekebishwa kwa dakika moja siku ya majaribio.

Laini yenye wenyewe wawili

Usiku wa tarehe 4 Novemba 2006 laini ya kilovoti 380 inayovuka mto Ems nchini Ujerumani ilizimwa ili meli kubwa ya abiria ipite. Mzigo ulihamia laini nyingine, ikiwemo ile ya Landesbergen–Wehrendorf iliyounganisha mitandao ya kampuni mbili. Upande wa Landesbergen relei ilipangwa kukata kwenye ampea 3,000. Upande wa Wehrendorf, ampea 2,100. Kampuni moja haikuizingatia setingi ya mwenzake. Saa 4 na dakika 10 usiku waendeshaji walibadilisha mpangilio wa basibaa wakitarajia mkondo ushuke. Ukapanda, laini ikatripu, na gridi ya Ulaya ikagawanyika vipande vitatu. Kaya zaidi ya milioni 15 zilikosa umeme. Relei zilikuwa sahihi kila moja kwa mwenyewe.

Sasa Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa laini ya kilovoti 400 kati ya Isinya na Singida kupitia Arusha, zaidi ya kilomita 500, na mashirika mawili yanaitunza. Yeyote mwenye laini inayoishia kwa jirani aweke hati moja ya setingi yenye pande zote mbili, iliyosainiwa na pande zote mbili, na asibadilishe namba yake hata moja kabla ya mwenzake kuijua.

Kwa kinga ya tofauti ya mkondo, kumbuka kwamba mawasiliano kati ya relei mbili za mwisho wa laini kwa kawaida ni ya mtengenezaji mwenyewe. Nunueni relei za aina moja pande zote, zenye programu ya toleo linalooana, na msipandishe toleo upande mmoja. Hapa cheti cha IEC 61850 hakitawasaidia. Mkishindwa kukubaliana aina moja, tumieni kinga ya umbali yenye ishara ya ruhusa kutoka upande wa pili. Hiyo inaweza kuchanganya watengenezaji. Lakini itawabidi mkae pamoja kuhusu urefu wa zoni, kuzuia wakati wa mtikisiko wa umeme, upande wenye chanzo dhaifu, na muda wa kusubiri mkondo unapogeuka kwenye laini zinazokwenda sambamba.

Kujaribu bila kuizima mikoa

Miaka inayofuata utahitaji kujaribu relei moja huku nyingine zikifanya kazi. Toleo la pili la kiwango lina hali ya majaribio: relei iliyowekwa katika hali hiyo hutia alama kwenye jumbe zake, na wasikilizaji walio kazini huzipuuza. Tatizo ni relei za toleo la kwanza; zipo zisizoijali alama hiyo na kutekeleza amri kama kawaida. Usiliamini neno la mtu. Wakati kituo bado hakijawashwa, weka kila msemaji kwenye hali ya majaribio, tuma amri ya kutripu, na uone kila msikilizaji anafanya nini. Andika matokeo kwenye ubao wa paneli yenyewe. Na hata pale yote yanapofaulu, kwa maoni yangu kila mzunguko wa kutripu ubaki na kiungo cha kuchomoa kwa mkono, kinachoonekana, mwisho kabisa kabla ya koili. Fundi aliye peke yake saa 8 usiku anahitaji kitu cha kushika.

Usalama wa mtandao nao usiuweke kando. Tarehe 17 Desemba 2016 kituo kimoja kaskazini mwa Kyiv, Ukraine, kilizimwa na programu hasidi, na wachunguzi walikuta kwamba programu hiyo ilikuwa na kipande kinachozungumza IEC 61850. Ujumbe wa GOOSE kwa kawaida hauna nenosiri. Anayefika kwenye mtandao wa kituo anaweza kusema. Funga milango ya swichi isiyotumika, badilisha nywila za kiwandani, na mkandarasi akiondoka, modemu yake iondoke pia.

Kabla ya kutia saini

Kuna vitu ambavyo usipovipata siku ya makabidhiano hutavipata tena kwa urahisi. Faili la SCD la mwisho, lile lililomo ndani ya relei, si lile la majaribio ya kiwandani. Mafaili ya setingi katika umbo lake la asili, si karatasi zilizochapwa. Nywila zote. Leseni za programu za kila mtengenezaji, kwa jina la shirika lako. Kompyuta yenye programu hizo zikiwa zimesakinishwa, na kebo ya kuunganishia. Chukua mafaili hayo, yasome kutoka ndani ya relei mwenyewe, ulinganishe na uliyokabidhiwa. Tofauti hata moja ni sababu ya kutosha ya kuahirisha saini.

Baada ya hapo kituo ni chako, na hali ya hewa pia. Pwani, kuanzia Tanga hadi Mombasa, unyevu na chumvi huingia kwenye makabati ya yadi. Hita za kuzuia unyevu ziwe zinafanya kazi na matundu ya kebo yazibwe, mijusi na panya wasipite. Relei za kielektroniki hazina umri wa zile za zamani zenye koili na sumaku. Tegemea miaka 15 hadi 20, na sehemu inayotangulia kuchoka mara nyingi ni ile inayoipa relei umeme wake wa ndani. Wekeni za akiba kwa kila aina mliyonayo, na muwe na bajeti ya kubadilisha kabla mtengenezaji hajaacha kuziuza.

Kila mara laini inapotripu, hata ikirudi yenyewe, vuta kumbukumbu ya relei siku hiyohiyo. Nafasi ya kumbukumbu ni ndogo, na mvua za masika zitaijaza na kufuta za zamani. Soma: hitilafu ilikatwa kwa milisekunde ngapi? Nani aliona, nani hakuona, na yule ambaye hakuona alipaswa kuona? Relei ambayo haikukata ilipotakiwa imeshakuonya, na safari hii mwenzake aliiokoa. Wahandisi wa Amerika ya Kaskazini, wanaokusanya taarifa za kila kinga iliyotenda vibaya, wameona miaka nenda rudi kwamba setingi na usanifu wenye makosa ni miongoni mwa sababu kubwa, pamoja na kuharibika kwa relei na kukatika kwa mawasiliano. Sisi tuna hitilafu za kutosha kujifunza yetu wenyewe, tukizitunza kumbukumbu. Kama za kituo chako ziko kwenye kompyuta ya mtu mmoja, zihamishe wiki hii mahali ambapo wenzako na jirani wa upande wa pili wa laini wanaweza kuzisoma.